BIMA YA AFYA ISIFE PAMOJA NA KAZI

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wafanya kazi wa reli mbele ya mkutano wa wanachama, Nakuru. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuwako.)



Tumepewa nafasi tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni bima ya afya ya mtu asiye na tajiri. Labda wengine watasema, "Hilo latuhusu nini? Sisi tunakatwa kila mwezi." Ndugu, twawaomba mwatazame waliokaa katika benchi hizi. Yuko mwenye kazi ya kudumu. Yuko mwenye mkataba wa miezi mitatu. Yuko kibarua wa genge la njia, ambaye huitwa mvua ikibomoa tuta, na kazi ikiisha huambiwa aende nyumbani. Yuko mzee aliyestaafu. Tena wako wake zetu wanaouza mboga sokoni Wakulima, na vijana wetu wanaoendesha boda boda kutoka Section 58 mpaka mjini. Wote hawa huugua. Ugonjwa haumwulizi mtu kama anaye tajiri au hana.

Na sisi wenye kazi ya kudumu tusijidanganye. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua kando yake. Babu zetu na baba zetu walifanya kazi chini ya East African Railways and Harbours. Mwaka 1977 shirika la Afrika Mashariki lilivunjika, na mwaka 1978 Kenya ikawa na shirika lake la reli. Mwaka 2006 uendeshaji ulipewa kampuni ya Rift Valley Railways, na maelfu ya wafanya kazi wa reli wakaondoka kazini. Mwaka 2017 mkataba wa kampuni hiyo nao ukafika mwisho. Hesabuni wenyewe. Mzee aliyeandikwa kazi mwaka 1975 aliwaona matajiri wangapi kabla ya kustaafu? Njia ilikuwa ile ile na stesheni ile ile, lakini tajiri alibadilika, na kila alipobadilika kulikuwa na watu walioachwa nje ya lango. Mtu aliyeweka afya ya watoto wake mkononi mwa tajiri, siku ile aliachwa bila kazi na bila daktari.

Wazee wa zamani walivaa kipande shingoni. Tajiri asipotia sahihi, mtu hakuweza kwenda kutafuta kazi nyingine. Kipande kimekwisha zamani. Lakini mtu anayeogopa kuacha kazi mbaya kwa sababu mkewe anahitaji dawa, huyo bado amefungwa, ingawa hana kitu shingoni.

NANI HASA ANALIPA?

Sasa tueleze mambo yalivyo. Mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1966. Kwanza uliwekwa kwa watu wenye mshahara wa Sh. 1,000 kwa mwezi na zaidi, nao walikatwa Sh. 20. Wakati ule Sh. 1,000 ulikuwa mshahara wa wakubwa. Kibarua hakuwamo, wala mkulima, wala mchuuzi. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa, na mtu asiye na mshahara akaruhusiwa kujiunga kwa hiari yake. Kwa hiyo jambo hili la kujilipia bima bila tajiri si jambo geni. Lina zaidi ya miaka 50. Ni sisi tuliochelewa kulishika.

Mwaka 2023 sheria mpya ilipitishwa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF haiko tena. Mahali pake pana SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, na chini yake iko mifuko mitatu. Wa kwanza ni mfuko wa afya ya msingi, ambao hulipwa na serikali. Wa pili ni mfuko wa bima, uitwao SHIF, ambao hulipwa na michango yetu. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa mazito na ya kudumu.

Mtu wa mshahara hukatwa 2.75 kwa mia ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Mwenye Sh. 20,000 hukatwa Sh. 550. Mwenye Sh. 30,000 hukatwa Sh. 825. Mwenye Sh. 50,000 hukatwa Sh. 1,375. Hakuna anayelipa chini ya Sh. 300 kwa mwezi.

Hapa twawaomba msikilize vizuri. Katika fedha hizo, sheria haimdai tajiri aongeze hata senti moja. Zote hutoka katika jasho letu. Kazi ya tajiri ni kuzikata na kuzipeleka kufikia siku ya tisa ya mwezi unaofuata, basi. Yeye ni tarishi tu. Barua ni yetu, na fedha zilizo ndani ni zetu. Mbona basi twaiita "bima ya kampuni"? Na mbona tarishi akienda zake twaitupa barua chini, badala ya kuipeleka wenyewe?

YALIYOTUPATA

Tutaje jambo moja ambalo wengi wenu mnalijua, kwa sababu mlichanga. Ndugu yetu wa genge la njia alimaliza mkataba wake. Alikuwa amekatwa SHA kila mwezi bila kukosa. Hakuambiwa na mtu ye yote kwamba makato yakikoma, lazima abadilishe jina lake katika daftari la SHA, atoke upande wa wenye mshahara aingie upande wa wanaojilipia. Alidhani kwamba jina lake likiwamo, yumo. Wiki ya sita mtoto wake akashikwa na kichomi, akalazwa. Walipotazama katika mashine, jina lilikuwako, lakini malipo hayakuwako. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini fedha tulizochanga, wengine walizikopa, na sufuria na kitanda cha yule ndugu viliuzwa.

Ndugu, sisi twajua kuchanga. Mtu akifa twachanga siku mbili, na jeneza linapatikana, na lori la kwenda nyumbani linapatikana. Hilo ni jema, na tusiliache. Lakini twauliza: kwa nini mkono wetu ni mwepesi kumchangia maiti, na mzito kumchangia aliye hai? Yusufu alipokuwa Misri hakungoja njaa ifike ndipo aanze kutafuta ghala. Aliweka nafaka miaka ya shibe.

MTU ASIYE NA TAJIRI AFANYEJE?

Tutaeleza hatua kwa hatua, na mwenye kalamu aandike.

Kwanza, kujiandikisha. Mtu huandikwa kwa simu, kwa kupiga *147#, au katika tovuti ya Afya Yangu, au kwa kwenda Huduma Centre hapa mjini. Achukue kitambulisho chake. Aandike mke au mume na watoto, na awe na hati za kuzaliwa za watoto. Kujiandikisha hakulipiwi. Mtu akikudai fedha ili akuandike, huyo anakula jasho lako. Tena mjue kwamba baba na mama zetu hawaingii katika jina letu. Kila mzee huandikwa kwa jina lake mwenyewe. Wengi walio na wazazi kule Subukia na Molo hawalijui hili mpaka mzee afike hospitali.

Pili, kupimwa uwezo. Mtu wa mshahara anajulikana kwa karatasi ya mshahara. Mtu asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake: kuta zimejengwa kwa nini, paa ni la nini, maji yatoka wapi, choo ni cha namna gani, watu ni wangapi. Kutokana na majibu hayo huhesabiwa mapato ya nyumba, na 2.75 kwa mia yake ndiyo mchango. Jibuni kweli, lakini someni kila swali polepole kabla ya kujibu. Wengine humwachia kijana wa duka la simu ajibu kwa haraka, halafu hushangaa wakiambiwa walipe fedha nyingi. Ukiona umepimwa vibaya, usinyamaze wala usikimbie. Rudi ukaombe kupimwa upya.

Tatu, kulipa. Hapa ndipo pagumu. Mwenye mshahara hulipa kwa mwezi, lakini anayejilipia hutakiwa alipe mwaka mzima mbele. Kiasi cha chini kabisa ni Sh. 300 mara 12, yaani Sh. 3,600. Ukiigawa kwa siku za mwaka, ni kama Sh. 10 kwa siku. Haifikii bei ya kikombe cha chai. Lakini kibarua hana Sh. 3,600 mkononi siku moja. Anayo Sh. 10 leo, na Sh. 10 kesho, na keshokutwa hana kitu. Shida yetu kubwa basi ni kwamba fedha hutakiwa kwa mkupuo, na sisi twapata kidogo kidogo.

Serikali iliona shida hii, na mwaka 2025 ikaanzisha mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole. Huo ni mkopo. Unalipiwa mwaka, nawe unarudisha kidogo kidogo. Hatusemi ni mbaya, lakini mtu aulize kwanza gharama ya mkopo, kisha ahesabu atarudisha jumla ya shilingi ngapi. Sisi twaona kwamba iko njia nyingine, na tutaieleza mbele.

Nne, kuitumia. Katika zahanati na vituo vya afya vyenye mkataba na SHA, mtu aliyeandikwa hutibiwa kwa mfuko wa serikali, hata kama hajalipa mchango wake. Kwa hiyo yule aliyeandikwa tu asidhani hana kitu. Mtoto akiwa na homa, anzeni hapo, msikimbilie mji. Lakini kulazwa hospitali kubwa, na kupasuliwa, na kujifungua katika hospitali hizo, huko hutakiwa mchango uwe umelipwa. Kwa bei zilizowekwa SHA ilipoanza, mama akijifungua kwa kawaida mfuko hulipa Sh. 10,000, na akipasuliwa Sh. 30,000. Linganisheni na Sh. 3,600.

TUSEME NA UBAYA WAKE

Hatukuja hapa kuwapamba wakubwa. Yako malalamiko, na ni ya kweli. Tangu mwanzo hospitali nyingi zimelia kwamba hazilipwi upesi. Februari 2025 chama cha hospitali za watu binafsi kilitangaza kwamba wanachama wake watadai fedha taslimu, kwa sababu ya madeni. Mgonjwa aliyelipa mchango wake akafukuzwa kwenye dirisha la fedha kama mtu asiyelipa. Hilo ni dhuluma, na ni wajibu wa chama chetu na vyama vingine kulipigia kelele. Tena ni lazima tuendelee kuuliza kwa nini tajiri haongezi cho chote juu ya mchango wa mtu anayemfanyia kazi.

Lakini kugombana na mfuko ni jambo moja, na kukaa nje ya mfuko ni jambo lingine. Aliye nje hasikilizwi. Mwenye risiti ndiye anayeweza kudai.

Wengine wametuuliza juu ya bima za makampuni. Ziko, na mtu mwenye uwezo aweza kununua bila kuwa na tajiri. Lakini kabla hajatia sahihi aulize maneno manne: Kiasi cha mwisho watakacholipa ni shilingi ngapi? Nitangoje miezi mingapi kabla ya kulipiwa uzazi au ugonjwa niliokuwa nao? Ni magonjwa gani hayamo? Na nikizeeka, bei itapanda kiasi gani? Kampuni hutazama umri na maradhi. SHA hutazama mapato tu. Mzee wa miaka 70 mwenye kisukari hatozwi zaidi kwa sababu ya uzee wake au sukari yake. Kwa watu kama sisi hilo ni jambo kubwa. Mwenye kununua bima ya kampuni na ainunue juu ya SHA, lakini asiiache SHA.

WENZETU WALIFANYAJE?

Wafanya kazi wa nchi nyingine walipita njia hii. Katika Uingereza, mji wa Swindon ulikuwa mji wa karakana za reli. Mwaka 1847 wafanya kazi wa reli kule walianzisha mfuko wao wa matibabu, wakikatwa kidogo katika mshahara. Kwa fedha hizo walipata madaktari, kisha hospitali, na hata mabafu ya kuogea. Lakini mfuko ule ulikuwa wa watu wa reli na jamaa zao.

Katika Wales, mji wa Tredegar, wachimba makaa na wafua chuma walianzisha mfuko wao mwaka 1890. Hawa walifanya jambo moja zaidi. Waliwapokea watu wa mji wasiofanya kazi machimboni, mradi walipe mchango wao. Kijana mmoja wa mji ule, Aneurin Bevan, aliyeanza kama mchimba makaa, alifika kuwa waziri wa afya, na mwaka 1948 akaanzisha matibabu ya taifa zima la Uingereza, ambapo mgonjwa haulizwi anamfanyia nani kazi.

Twajifunza nini? Kwamba jambo lile kubwa halikuanzia kwa waziri. Lilianzia katika sanduku la wafanya kazi, wakiweka senti kila juma.

SHAURI LETU

Basi twaleta shauri mbele ya mkutano, nalo ni hili. Tufanye vikundi vya watu 12. Kila mtu atoe Sh. 300 kwa mwezi. Watu 12 mara Sh. 300 ni Sh. 3,600, ambayo ni mwaka mzima wa mtu mmoja aliyepimwa kiasi cha chini. Mwezi wa kwanza mmoja analipiwa mwaka wake, mwezi wa pili mwingine, na hivyo hivyo. Baada ya miezi 12 kila mmoja amelipiwa. Mwaka wa pili, zamu yake ikifika, ndio wakati mwaka wake unaisha, naye analipiwa tena. Hakuna anayekopa, hakuna riba. Akina mama sokoni wanafanya merigoo kila siku kununua vyombo. Sisi tutafanya merigoo ya daktari. Wale waliopimwa Sh. 500 au zaidi wakae pamoja katika kikundi chao, ili hesabu zisivurugike.

Nani awe wa kwanza? Asiwe rafiki wa mweka hazina. Wa kwanza awe mwenye mke mja mzito, kisha mwenye ugonjwa wa kudumu katika nyumba yake, kisha mwenye watoto wadogo, na waliobaki wapige kura. Na kwa kuwa mtu aweza kulipiwa kisha akatoweka, kila mmoja awe na mdhamini katika kikundi.

Fedha zisilale nyumbani kwa mtu. Mweka hazina na wawili wengine wazitoe pamoja, zilipwe kwa SHA kwa nambari ya kitambulisho cha mwenyewe, na risiti isomwe mbele ya kikundi siku ile ile. Daftari liwe wazi. Tumeona vyama vingi hapa Nakuru vikifa, na ugonjwa uliviua ni daftari lililofungwa.

Na ninyi wenye kazi ya kudumu, tuna maombi matatu kwenu. La kwanza, kila mwezi tazameni kwa *147# kama makato yenu yamefika. Tajiri akikata bila kupeleka, leteni karatasi ya mshahara kwa katibu wa tawi upesi, kabla mtu hajaugua. La pili, ye yote anayepata barua ya kuachishwa au ya mwisho wa mkataba, siku ile ile amwone katibu, ili abadilishwe aingie upande wa wanaojilipia, na kikundi kimpokee. La tatu, katika fedha za mwisho wa kazi, kabla ya kununua mabati au ng'ombe, toeni kwanza mchango wa mwaka mmoja. Ng'ombe aweza kungoja mwezi. Uchungu wa kuzaa haungoji.

Kwa wale wasiojiweza kabisa, mjane au mzee asiye na mtu, sheria yasema serikali itawalipia. Basi tusiwaache wakae kimya. Kila kikundi kiandike majina ya watu hao katika mtaa wake, na katibu ayapeleke kwa chifu na kwa wahudumu wa afya wa mtaa, na kufuatilia mpaka jibu lipatikane.

Ndugu zetu, haba na haba hujaza kibaba. Kazi tunaipenda, na tutaipigania mishahara yake. Lakini kazi yaweza kuchukuliwa leo jioni kwa karatasi moja. Afya ya watoto wetu isichukuliwe kwa karatasi hiyo hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, twaomba shauri hili lipigiwe kura. Likikubaliwa, katibu anayo madaftari mawili pale mezani, na kalamu iko. Kila mtu aje na kitambulisho, na nambari ya simu ya mdhamini wake. Kikundi cha kwanza kinahitaji watu 12 tu.